Nyumba ya Kiongozi Isifiche Majonzi Yake

Aghalabu tunapohifadhi nyumba ya kiongozi aliyefariki, huhifadhi utukufu wake tukasahau kwamba humo aliishi mume na baba. Maisha ya Abraham Lincoln, Rais wa 16 wa Marekani, yanatufunza vingine.

Lincoln alizaliwa tarehe 12 Februari, 1809, katika kibanda cha magogo jimboni Kentucky, akafiwa na mamake angali na umri wa miaka 9. Kibanda kinachoonyeshwa leo ndani ya jumba la mawe karibu na Hodgenville sicho alimozaliwa. Uchunguzi wa mbao zake umethibitisha kuwa ni za miaka ya baadaye, na sasa kinahesabiwa kuwa ishara tu.

Nyumba yake halisi imo mjini Springfield, Illinois. Aliinunua mwaka wa 1844 akiwa wakili, miaka miwili baada ya kumwoa Mary Todd, na ndiyo pekee aliyopata kuimiliki. Watatu kati ya wanawe wanne walizaliwa humo. Humo humo, mwaka wa 1850, Edward alifariki kabla hajatimiza miaka minne. William aliaga dunia katika Ikulu mwaka wa 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea. Lincoln mwenyewe aliuawa mwezi wa Aprili, 1865, na Thomas akafuata mwaka wa 1871, akiwa na umri wa miaka 18.

Akasalia Robert, kifungua mimba. Mwaka wa 1875 alimfikisha mamake mahakamani, naye mjane huyo akatangazwa kuwa mwendawazimu na kupelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Robert huyo huyo ndiye aliyeikabidhi serikali ya Illinois nyumba hiyo mwaka wa 1887, kwa sharti kwamba itunzwe vyema na wageni wasitozwe kiingilio. Sharti hilo linaheshimiwa hadi leo.

Ni dhahiri basi kwamba kuta hizo hazikuhifadhi ushindi pekee. Zimehifadhi pia kilio cha wazazi na mfarakano wa mama na mwana. Msomaji anayejua hayo hampunguzii Lincoln heshima, humwelewa zaidi. Nasi tunapowaenzi waasisi wetu, tusiwajengee vibanda vya ishara ilhali nyumba zao halisi, pamoja na machungu yake, zingalipo.