Mbatian na mawe ya ramli

Siku hizi kesho ya mtu inasomwa kwenye simu. Unabonyeza, karata za tarot zinajichanganya zenyewe, zote 78, unachagua tatu halafu unaambiwa habari za ada, mchumba na ajira. Sizisemi vibaya. Ila sisi wa huku Meru tusizishangae kama kitu kipya, maana kwenye nyanda hizi hizi ndugu wawili walipigana miaka kwa sababu ya mawe ya ramli ya baba yao.

Baba mwenyewe ni Mbatian, laiboni mkuu wa Wamaasai, aliyerithi kazi hiyo kwa baba yake, Supeet. Ukoo wao ni Inkidongi, jina linalotokana na enkidong, kibuyu cha kutunzia mawe. Laiboni alitia mawe kwenye pembe ya ng'ombe au nyati, akatikisa, akayamwaga na kuyahesabu. Idadi ndiyo iliyosema. Zilikuwepo njia nyingine pia: utumbo wa mbuzi, ndoto, na pombe ya asali. Hiyo ya mwisho nadhani ingepata wafuasi wengi hapa chuoni.

Laiboni hakuwa mfalme. Hakutoza kodi. Lakini morani hawakwenda vitani bila dawa na baraka yake, kwa hiyo kila aliyemjia alimletea habari: nani kahama, wapi pamekauka, msafara gani unatoka pwani. Kwa maoni yangu nusu ya ramli ilikuwa hapo, kabla jiwe halijadondoka. Waliomfuata waliwavunja Walaikipia miaka ya 1870, na jina lake likavuma hadi kwa Wakisongo wa upande wetu.

Alifariki karibu na mwaka 1890. Inasimuliwa kwamba kabla ya kufa aliwaonya wazee kuwa ng'ombe watakwisha, watu watakufa kwa ndui, na adui mwenye nguvu atakuja. Sotoka ikafuata, ndui ikafuata, Wajerumani wakafuata. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa hapa hapa Akheri, na kisasi cha Wajerumani kikawa kikali.

Sasa hao wana. Mbatian alimwambia Sendeu aje asubuhi apokee vifaa vya ulaiboni: rungu la chuma, pembe, kibuyu, mawe na mfuko. Lenana alikuwa amejificha kwenye banda la ndama, akasikia yote. Alfajiri akamtangulia kaka yake. Mzee alikuwa na jicho moja tu, hakumtambua, akampa vyote. Ndiyo, ni kama Yakobo na Esau kabisa. Sendeu akagoma kumtii mdogo wake, Waloita wakamfuata, vita ikaanza.

Simulizi linaendelea kwamba maradhi yaliwaangukia watu wa Sendeu na yakawapita wa Lenana. Hapo ndipo mimi nasita. Sotoka ile ilifagia ng'ombe Afrika Mashariki nzima, haikuuliza mtu anamfuata laiboni gani. Halafu angalia nani alisimulia na lini: kisa kiliandikwa na Hollis, afisa wa Uingereza, katika kitabu cha 1905. Wakati huo Lenana alikuwa rafiki wa Waingereza, na mwaka mmoja kabla alikuwa ameweka alama yake kwenye mkataba uliowahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa. Sendeu alikuwa ameshashindwa, amerudi mwaka 1902 kuomba kuishi na mdogo wake. Mshindi alikuwa na mawe, na alikuwa na mwandishi pia.

Lenana alifariki mwaka 1911. Mwingereza Mackinder, aliyefika kilele cha Mlima Kenya mwaka 1899, alikiita Batian, mita 5,199. Hicho hupandwi bila kamba. Kilele cha Lenana kiko chini yake, mita 4,985, na ndicho wanachofika wapandaji wengi kwa miguu yao. Sendeu naye anacho chake, kifupi zaidi, na wengi hukipita bila kuuliza jina.