Padri Yohane Bosco na Vijana wa Ufundi

Yohane Bosco alizaliwa Italia mwaka 1815. Baba yake alikufa mapema, naye akafanya kazi, hata ya kushona nguo, apate kusoma.

Alipokuwa padri mjini Torino, aliona vijana maskini wakijifunza ufundi. Mabwana wengine waliwapiga na kuwatumikisha kama watumishi wa nyumbani. Basi, mwaka 1851 na 1852 aliandika mikataba. Fundi aliahidi kumfundisha kijana kazi yake vizuri, kumwonya kwa maneno tu, kumpumzisha Siku ya Mungu, na kumlipa mshahara. Jioni vijana walisoma kwa Padri. Mwenye kujua hesabu hupima ubao sawasawa, wala hadanganywi siku ya mshahara!

Padri Bosco alikufa mwaka 1888. Mwaka 1911 watawa wake walifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo.