Simba wa Witu: Sultani aliyeufungulia Mto Tana njia mpya

MSAFIRI atokaye Malindi kwenda Lamu huuvuka Mto Tana karibu na mji wa Garsen. Kutoka hapo mto hujipinda katikati ya mabonde ya mpunga na malisho ya ng'ombe, hadi unapomwaga maji yake baharini Kipini.

Wengi hudhani ndivyo ulivyokuwa tangu jadi. La hasha! Hadi karne ya 19 Tana ulikuwa na mlango mwingine katika Ghuba ya Ungwana, magharibi ya Kipini. Chanzo cha kuhama kwake ni mfereji mwembamba wa Belezoni, ambao wanahistoria wanauhusisha na utawala wa Sultani Ahmed wa Witu, maarufu kwa lakabu ya Simba.

Simba alitoka katika ukoo wa Nabahani, uliotawala Pate kwa karne kadhaa. Alishika usukani jahazi likiwa limeshaanza kuzama. Pate ilikuwa imevunjwa nguvu katika vita vya Shela, mwanzoni mwa karne hiyo, na masultani wa Zanzibar walikuwa wakizidi kuumeza mwambao.

Baada ya kuzozana na Zanzibar, alikihama kisiwa cha mababu zake akakimbilia bara. Alitua kwanza Kau, kando ya Mto Ozi, kisha katika miaka ya 1860 akajenga makao yake Witu, ndani ya msitu mnene uliowatatiza askari wa adui.

Witu ikawa kimbilio. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walipokewa huko, wakapewa ardhi na silaha, na idadi yao ikampa Simba jeshi alilokuwa amelikosa Pate.

Lakini mtawala huyo alikuwa na tatizo: watu alikuwa nao, ila biashara ilimpita kando. Mpunga wa Wapokomo na pembe za ndovu kutoka bara zilishuka kwa mitumbwi katika Mto Tana, ambao mlango wake ulikuwa na mawimbi na mafungu ya mchanga yaliyozamisha vyombo. Ozi, uliokuwa mikononi mwake, ulikuwa na bandari za Kau na Kipini, lakini haukuungana na Tana.

Hapo ndipo ulipochimbwa mfereji wa Belezoni, karibu na Chara, kuiunganisha mito hiyo miwili. Ulichimbwa kwa mikono, na upana wake ulitosha mitumbwi tu. Kwa mtawala aliyetaka ushuru na njia salama, ilikuwa hatua ya busara.

Simba aliendelea kutafuta ngao dhidi ya Zanzibar. Mnamo Aprili 1885 aliwapa ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, sehemu ya ardhi yake, na Mei mwaka huo Ujerumani ikatangaza kuilinda Witu. Sultani Barghash alituma askari, lakini manowari za Kijerumani zilimlazimisha kurudi nyuma.

Ngao hiyo haikudumu. Simba alifariki kabla ya muongo huo kwisha, akarithiwa na Fumo Bakari. Julai 1890 Ujerumani iliikabidhi Uingereza eneo hilo bila kujali ahadi zake, na Oktoba mwaka huo Waingereza wakauteketeza mji wa Witu kulipiza kisasi cha kuuawa kwa Wajerumani kadhaa.

Ufalme ukaisha, lakini mfereji ukabaki. Mwishoni mwa karne hiyo mafuriko makubwa yaliingia Belezoni, yakaupanua na kuuchimba zaidi, hata sehemu kubwa ya maji ya Tana ikahamia Ozi. Njia ya mitumbwi ikawa mto wenyewe. Mkondo wa zamani ulidhoofika, na waliouishi kando yake wakapungukiwa na maji baridi. Waliokuwa Ozi nao wakaneemeka, wakalima mpunga kwa maji matamu yaliyosukumwa mashambani na bahari inapojaa.

Neema hiyo nayo imetikiswa. Mabwawa yaliyojengwa juu ya mto, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988, yamebadilisha mafuriko yaliyorutubisha delta. Maji ya chumvi yamekuwa yakipanda Ozi na kuharibu mashamba. Tuta la mradi wa mpunga karibu na Garsen lilivunjwa na El Niño ya 1997 na 1998.

Maisha ya Simba yana uzito mpya leo, wakati wapo wanasayansi wanaopendekeza kunyunyizia angani chembechembe za kuakisi miale ya jua ili kuipoza dunia. Agosti 2023 mawaziri wa mazingira wa Afrika walitaka mbinu hizo zisitumike, na mwaka 2024 mataifa yaliyokutana Nairobi yalishindwa kuafikiana hata kuhusu kuzichunguza.

Simba hakuwa mjinga wala mwovu. Alikuwa na shida ya kweli na akaitafutia dawa iliyo karibu. Lakini alifungua njia ambayo hakuwa na uwezo wa kuifunga, na wakulima ambao hawakuwa wamezaliwa alipotia jembe Belezoni ndio wanaoishi na matokeo yake hadi leo. Yeye aligusa mto mmoja tu. Mbingu ni ya wote.