Jackie Mittoo: Mpiga kinanda aliyewaachia waimbaji urithi wa midundo

WAPENZI wa muziki wa rege huwa wepesi wa kulitaja jina la mwimbaji, lakini ni wachache mno wamjuao mtu aliyeubuni mdundo anaouimbia. Miongoni mwa mafundi hao waliofunikwa na sifa za wengine ni Jackie Mittoo, gwiji wa kinanda wa Jamaica.

Mittoo, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Donat Roy Mittoo, alizaliwa Machi 3, 1948, mjini Brown's Town. Nyanyake ndiye aliyemfunza kupiga piano angali mtoto mdogo. Mnamo 1964, akiwa na umri wa miaka 16, alijiunga na wanamuziki waliomzidi umri na tajriba kuasisi bendi ya Skatalites.

Bendi hiyo iliposambaratika mwaka uliofuata, Mittoo alishika usukani wa muziki katika Studio One, iliyomilikiwa na Clement Dodd jijini Kingston. Hapo aliongoza bendi ya Soul Vendors na baadaye Sound Dimension, huku akishirikiana na mpiga gitaa la besi, Leroy Sibbles.

Ni katika kipindi hicho ambapo ulizaliwa mdundo wa Real Rock. Awali ulikuwa muziki wa ala pekee. Hata hivyo, kwa kuwa besi, ngoma na kinanda vilikuwa tayari vimehifadhiwa kwenye kanda, mwimbaji yeyote angeweza kuitwa studioni na kuongeza sauti yake juu yake.

Kuelekea mwisho wa miaka ya sabini, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Willie Williams aliutumia mdundo huo kuimba Armagideon Time, nao Michigan na Smiley wakauimbia Nice Up the Dance. Sugar Minott naye alijijengea jina kwa kuimba tungo mpya juu ya midundo ya kale ya Studio One. Desturi hiyo ya mdundo mmoja kuimbiwa na wengi ikawa nguzo ya muziki wa dancehall.

Mdundo mwingine, Full Up, ulifika mbali zaidi. Kundi la Mighty Diamonds liliutumia katika Pass the Kouchie, kisha vijana wa Musical Youth wa Birmingham wakaugeuza kuwa Pass the Dutchie, wimbo uliotia fora Uingereza na kushika nambari moja mwaka wa 1982.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, ila methali hii haikumfaa sana Mittoo. Wanamuziki wa studio walilipwa ujira wa kupiga ala, ilhali kanda zilibaki mikononi mwa mwenye studio. Jamaica nayo iliendelea kutegemea sheria ya hakimiliki ya enzi ya ukoloni, iliyotungwa 1911. Sheria mpya ilianza kutumika 1993.

Wakati huo Mittoo alikuwa ameshazikwa. Alikuwa amehamia Canada, ambako kibao chake Wishbone kilivuma mapema katika miaka ya sabini. Aliaga dunia jijini Toronto mnamo Desemba 16, 1990, kutokana na saratani, akiwa na umri wa miaka 42.

Midundo yake ingali inaimbiwa, mara nyingi na vijana waliozaliwa baada ya kifo chake.