Ndaye Mulamba: mabao 9 ya mwaka 1974 bado hayajafikiwa

Vijana wanaocheza mpira Masisi na Walikale wanajua vizuri majina ya washambuliaji wa Ulaya. Wachache ndio wanaojua kwamba rekodi moja kubwa ya Kombe la Afrika iko mikononi mwa Mkongomani tangu zaidi ya miaka 50. Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika mashindano moja, Misri, mwaka 1974, na hakuna aliyeyafikia.

Alizaliwa mwaka 1948 Luluabourg, mji unaoitwa leo Kananga. Alianza kujulikana huko kwao Kasai, kisha akaenda Kinshasa kuchezea AS Vita Club, timu iliyobeba kombe la vilabu bingwa vya Afrika mwaka 1973. Mashabiki walimwita Mutumbula, yaani mwuaji, kwa vile alivyowatesa makipa.

Kule Misri, alianza na mabao mawili dhidi ya Guinée, akaongeza moja dhidi ya Maurice. Katika nusu fainali wenyeji Misri walikuwa mbele 2-0, mbele ya watu wao wenyewe. Ndaye akafunga, kapiteni Kidumu akasawazisha, halafu Ndaye akafunga tena: 3-2. Fainali dhidi ya Zambia, tarehe 12 mwezi wa tatu, alifunga mawili, la pili katika dakika ya 117. Watu walidhani mambo yamekwisha, lakini Zambia wakasawazisha dakika ya mwisho. Wakati ule hakukuwa penalti za kuamua fainali, basi timu zikarudi uwanjani siku mbili baadaye. Zaïre ilishinda 2-0, na mabao yote mawili yalikuwa yake.

Miezi mitatu tu ilipita, sifa zikageuka aibu. Zaïre ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika Kombe la Dunia, kule Ujerumani Magharibi. Wachezaji walikuwa wanadai pesa zao ambazo hawakupewa. Yugoslavia iliwafunga 9-0. Katika mechi hiyo mwamuzi alimtoa Ndaye kwa kadi nyekundu dakika ya 22, kwa kosa la kumpiga teke lililofanywa na Ilunga Mwepu. Mwenye bao nyingi kuliko wote Afrika alitoka uwanjani kwa kosa la mwenzake.

Baada ya kuacha mpira, nchi ilimsahau. Mwaka 1994 shirikisho la mpira la Afrika, CAF, lilimwalika Tunisia kumpa heshima. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walimvamia, wakidhani amekuja na pesa. Walimpiga risasi mguuni. Mtoto wake wa kiume akauawa. Hapo ndipo alipokimbilia Afrika Kusini.

Wakaaji wengi wa Masisi na Walikale hawahitaji kuelezwa maana ya kukimbia na kuanza upya mahali ambapo hakuna anayekujua. Ndaye aliishi katika mitaa ya maskini, Johannesburg kisha Cape Town, na alipata riziki kwa kulinda magari kwenye maegesho. Wenye magari hayo hawakujua ni nani anayewalindia.

Mwaka 1998 habari ilienea kwamba amekufa katika machimbo ya madini Angola. Katika Kombe la Afrika, Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama kimya dakika moja kwa ajili yake, naye alikuwa hai Afrika Kusini.

Alikufa kweli tarehe 26 mwezi wa kwanza 2019, Johannesburg, akiwa na miaka 70. Mwaka 2022 Mkameruni Vincent Aboubakar alimkaribia: mabao 8, katika mashindano ambamo timu yake ilicheza mechi 7. Ndaye alikuwa amefikisha 9 katika mechi 6.