Marconi na Maabara ya Darini

Guglielmo Marconi alizaliwa Bologna, Italia, mwaka 1874. Hakuwa na shahada. Maabara yake ilikuwa chumba cha darini nyumbani kwao, na fedha za vifaa zilitoka kwa wazazi. Alijaribu kwanza chumbani, kisha bustanini. Mwaka 1895 ishara zake zikavuka kilima bila waya, na Desemba 1901 zikavuka Atlantiki, zaidi ya kilomita 3,000. Titanic ilipozama mwaka 1912, redio yake iliita meli ya Carpathia, watu zaidi ya 700 wakaokolewa. Alifariki Roma mwaka 1937.

Ndugu mwana-Mbaha, wavuvi wetu wanaujua mwera. Mtoto atakayewaokoa kesho anahitaji meza ya maabara leo. Tuichangie.