Apolo wa Mboga

1. Kijana Waswa

Katika nchi ya Buganda, upande wa Singo, kuna kijiji kiitwacho Kiwanda. Hapo, karibu na mwaka wa 1864, walizaliwa mapacha. Waganda wana desturi ya kumwita Waswa pacha wa kiume aliyetangulia kuzaliwa, na hilo ndilo jina alilopewa mtoto huyu tunayesimulia habari zake. Jina la Apolo alilipata baadaye sana, alipokuwa mtu mzima, na kabla ya kulipata alipita njia nyingi zisizo njema.

Siku zile dini nyingi zilikutana Buganda. Wazee walishika ibada za mababa zao. Wafanya biashara kutoka pwani walikuwa wameleta Uislamu. Mwaka wa 1877 wakafika wamisionari wa kwanza wa Kiingereza, na mwaka wa 1879 mapadre wa Kifaransa. Waswa alijifunza kwanza habari za Uislamu. Kisha akasikia mafundisho ya Alexander Mackay, yule fundi Mskoti aliyejua kufua chuma, kujenga na kupiga chapa vitabu. Maneno ya Mackay yaliingia masikioni mwake, lakini hayakukaa moyoni, maana moyo wake ulikuwa umejaa mambo mengine.

Mwaka wa 1888 Kabaka Mwanga aliondolewa katika kiti chake, na vita vya dini vikaanza. Vijana wengi walishika bunduki na mikuki, na Waswa alikuwa mmoja wao. Vita si shule njema. Aliyezoea kula cha mwenzake kwa nguvu huona kazi ya jembe kuwa aibu. Waswa akaishi maisha ya askari, akavuta bangi, akatumwa na tamaa zake huku na huku kama jani lipeperushwalo na upepo.

Mwaka wa 1891 Kapteni Lugard wa Kiingereza alikwenda nchi ya Toro, magharibi ya Buganda, pamoja na jeshi lake. Huko akamrudisha Kasagama katika ufalme wake, akajenga ngome na kuweka ndani yake askari wa Kisudani. Waswa alikwenda katika safari ile. Askari wale wa ngome waliwasumbua sana watu wa nchi, wakachukua mbuzi wao na vyakula vyao. Kumbukeni neno hili, maana baadaye litarudi. Watu walionyang'anywa hawasahau upesi sura ya mgeni atokaye upande ule ule waliotoka wenye bunduki.

2. Jina jipya

Mwishoni mwa mwaka wa 1893 jambo moja lilitokea katika kanisa la Buganda. Alikuwapo mmisionari kijana, jina lake George Pilkington, mjuzi wa lugha, ambaye alikuwa akiitafsiri Biblia kwa Kiganda. Watu walimsifu kwa elimu yake, lakini yeye mwenyewe aliona kwamba kazi yake haina nguvu. Akaenda kisiwa cha Kome katika ziwa Victoria, akakaa peke yake akisoma na kuomba. Aliporudi, ibada kubwa zikafanywa, na Wakristo wengi wakaungama dhambi zao. Tangu hapo Waganda wengi walijitoa kwenda kufundisha katika nchi za jirani.

Katika miaka hiyo Waswa naye alibadilika. Akaacha bangi, akashika kitabu, akajifunza kusoma Injili. Mwaka wa 1895 akabatizwa, akaitwa Apolo, kwa jina la yule mwalimu hodari tusomaye habari zake katika Matendo ya Mitume. Mke wake alikuwa amekufa, naye hakuoa tena mpaka mwisho wa maisha yake. Watu wakampa na jina la pili, Kivebulaya, maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu ya koti la kizungu alilolivaa juu ya kanzu yake.

Mwaka ule ule wa 1895 alitumwa Toro kuwa mwalimu. Alirudi katika nchi aliyoijua zamani, lakini safari hii hakuwa na bunduki.

3. Jembe na fimbo

Magharibi ya Toro iko milima mirefu ya Ruwenzori, ambayo kilele chake hupita mita 5,000, na theluji hukaa juu yake siku zote. Ng'ambo ya milima ile kuna bonde la joto, na ndani yake unapita mto Semliki, utokao ziwa Edward na kuingia ziwa Albert. Ukiisha kuvuka mto huo na kupanda tena, wafika nchi ya Mboga, penye majani mazuri ya ng'ombe. Mbele yake unaanza msitu mkubwa wa Kongo.

Mtawala wa Mboga aliitwa Tabaro. Waalimu wawili wa Kiganda walikuwa wamemtangulia Apolo huko. Mwanzoni walipokewa, kisha Tabaro akakataza watu wasiwape chakula. Njaa ikawashinda, wakaondoka.

Mwisho wa mwaka wa 1896 Apolo akapelekwa Mboga. Alikuwa amejua habari za wenzake, akatafuta dawa yake kabla ya safari, nayo ilikuwa ni jembe. Alipofika hakungoja kulishwa. Akalima shamba lake mwenyewe, akapanda chakula chake. Watu wakashangaa, maana hawakutazamia kumwona mgeni aliyevaa koti lile akiinama shambani na jasho likimtoka.

Lakini jembe halikumaliza shida zote. Apolo alifundisha kwamba ulevi ni mbaya, na kwamba mtu amwaminiye Mungu haogopi hirizi wala uganga. Tabaro hakupendezwa na maneno haya. Tena alikuwa na sababu nyingine ya kumchukia. Je, mtu huyu hakutoka upande wa Toro, walikotoka askari? Nani angejua kwamba hakutumwa kupeleleza nchi? Hivyo matendo ya siku za vita yalimfuata Apolo hata ng'ambo ya Semliki. Tabaro akaamuru apigwe, naye akapigwa vibaya sana.

Kisha ikaja taabu iliyozidi fimbo. Siku moja, katika kazi ya kujenga, mwanamke mmoja wa jamaa ya mtawala alianguka juu ya mkuki uliokuwamo kati ya matete ya kujengea, akafa. Ilikuwa ni ajali tu. Lakini Tabaro alipata neno alilokuwa akilitafuta. Akasema kwamba Apolo ndiye muuaji, akamfunga, akampeleka kwa Waingereza katika ngome ya Toro, akatiwa gerezani.

Fikirini, wanafunzi, hali yake ilikuwaje. Mwalimu aliyetumwa kuhubiri habari za uzima anarudishwa kwa kamba, na jina la muuaji liko juu yake. Njia ile ile aliyoipita zamani akiwa askari mwenye kiburi, na tena akiwa mwalimu mwenye tumaini, sasa aliipita akiwa mfungwa. Kwa macho ya watu kazi yake ilikuwa imekwisha. Kweli, hakuua. Lakini mtu aanguapo, wengi huyakumbuka ya zamani yake yote, wakasema kwamba chui habadili madoa.

4. Aliyemtia nguvu

Apolo mwenyewe alisimulia baadaye kwamba katika siku zile za taabu, moyo wake ulipokuwa umevunjika kabisa, alimwona Bwana Yesu katika maono, uso wake ukimetameta kama jua, akamwambia asiogope, kwa maana yupo pamoja naye. Tangu hapo, alisema, hofu ilimtoka.

Angalieni neno hili vizuri. Maono yale hayakumfungulia milango ya gereza siku ile. Hayakumfuta machoni pa watu jina baya alilopewa. Kilichobadilika kwanza kilikuwa ni moyo wake. Zamani, alipokuwa kijana, alifuata kila upande wenye nguvu, na palipokuwa na taabu aliondoka. Sasa alikuwa na sababu ya kusimama hata kama hakuna mtu wa kusimama naye.

Shauri likachunguzwa, ikaonekana kwamba hana hatia, akafunguliwa. Hapo angeweza kuomba kazi mahali pengine. Toro palikuwa na Wakristo wengi, na mfalme Kasagama mwenyewe alikuwa amebatizwa mwaka wa 1896 kwa jina la Daudi. Palikuwa na chakula, na rafiki, na heshima. Nani angemlaumu? Wenzake wawili walikwisha kuacha Mboga, na wao hawakufungwa kamba.

Apolo akarudi Mboga.

Akarudi kwa watu wale wale waliomwona akiondoka mfungwa. Hakuja na askari wa kumlipizia kisasi, ingawa Tabaro aliogopa hivyo. Alikuja na kitabu chake na jembe lake. Jambo hili lilimshinda Tabaro kuliko hoja zote. Mtu aliyempiga anamsalimu kwa upole; mtu aliyemfunga anamwita ndugu. Mwishowe mtawala yule akaomba kufundishwa, akabatizwa, akaitwa Paulo. Jina hilo lilimfaa, maana Paulo naye alikuwa mwenye kulitesa kanisa.

5. Mpaka na msitu

Mwaka wa 1900 Apolo akafanywa shemasi, na mwaka wa 1903 akafanywa kasisi. Miaka mingi akafanya kazi katika nchi ya Toro. Wakati huo wakubwa wa Ulaya walikuwa wakigawana nchi na kuweka mipaka, na Mboga ikawa upande wa Wabelgiji wa Kongo.

Sisi wa Tunduma hatuna haja ya kuelezwa maana ya mpaka. Twawaona Wanyamwanga walio huku, na ndugu zao walio Zambia, lugha moja na ukoo mmoja, na mstari umepita katikati yao. Twaujua na mto Songwe, maji yale yale yanyweshayo mashamba ya pande mbili. Basi ndivyo ilivyokuwa Semliki. Wakristo wa Mboga wakabaki ng'ambo, mbali na kanisa lililowalea, nao wakapungukiwa na waalimu.

Katika siku za Vita Kuu ya kwanza, iliyoanza mwaka wa 1914, Apolo akavuka Semliki tena. Alikuwa na umri wa miaka 50 na zaidi. Huu ni umri ambao wengi hutafuta kivuli na kiti. Yeye alikwenda kuanza upya mahali palipompiga na kumtukana. Akakaa huko mpaka kufa.

Tena hakuridhika na Mboga peke yake. Kuanzia mwaka wa 1921 akaingia katika msitu mkubwa kuwatafuta Wambuti, watu wafupi waishio kwa kuwinda na kuokota matunda ya mwituni. Majirani wengi waliwadharau watu hao. Apolo akakaa nao katika vibanda vyao vya majani, akala walichokula, akajifunza maneno yao. Yeye aliyeitwa muuaji alijua uchungu wa kuhesabiwa si kitu. Mwaka wa 1922 kanisa la Uganda likampa cheo cha kanoni, lakini cheo hicho hakikumtoa msituni.

Tarehe 30 Mei, mwaka wa 1933, Apolo Kivebulaya akafa pale Mboga. Desturi ilikuwa kumzika mtu kichwa kikielekea mashariki. Yeye alikuwa ameagiza kichwa chake kielekezwe magharibi, uliko msitu, iwe ishara kwamba kazi bado iko mbele. Wakafanya kama alivyoagiza. Mwaka wa 1972 Mboga, ambayo sasa huandikwa Boga, ikawa makao ya askofu, na kanisa la Kianglikana la Kongo huhesabu mwanzo wake katika mahubiri ya mtu yule.

6. Tujifunze nini?

Katika kila shule wako waliofaulu na walioshindwa. Mmoja ameshindwa katika mtihani, mwingine ameanguka katika tabia, akafukuzwa, akaaibishwa mbele ya kijiji chake. Watu wa namna hii mara nyingi hukimbia. Huhamia mahali wasipojulikana, wakidhani kwamba aibu haina miguu. Apolo hakuikimbia aibu yake. Alimwendea Mungu kwanza, kisha akarudi pale pale alipoangushwa, akashika jembe.

Kuanguka si mwisho wa safari. Mwisho wa safari ni kukataa kuinuka. Wala imani haimfanyi mtu asahau yaliyopita; humpa nguvu ya kuyatazama na kufanya kazi iliyo mbele yake. Mwenye kuanguka mara moja aweza kuwasaidia wengi walioanguka, kama akisimama tena.

Maswali

1. Waswa alipataje jina la Apolo, na jina la Kivebulaya lina maana gani?
2. Kwa nini waalimu wa kwanza waliondoka Mboga? Apolo alichukua kitu gani ili yasimpate yale yale?
3. Tabaro alikuwa na sababu gani za kumchukia Apolo?
4. Apolo alipofunguliwa alikwenda wapi? Wewe ungekwenda wapi, na kwa nini?
5. Kwa nini Apolo alitaka kuzikwa kichwa kikielekea magharibi?